Tunda Lililozikwa kwa Jina la Ooko

Nimepika kwenye mazishi mengi hapa Mbololo, lakini ya Ooko ndiyo pekee ambayo marehemu alikuja baadaye kuniuliza kama chakula kilitosha. Kilitosha. Kilibaki, hata. Sufuria zilikuwa za kanisa, kuni zilikuwa zangu, na ule moshi nilioumeza siku ile bado sijawasamehe waliojua wakanyamaza.

Jina langu ni Wakio, ila hapa wengi wananiita Mama Lynn. Shamba langu limepakana na boma la kina Ooko. Kati yetu kuna ua wa minyaa tu, na minyaa haizuii sauti. Kwa hivyo haya ninayosimulia, mengine niliyaona, mengine niliyasikia bila kuyatafuta, na mengine aliniambia mwenyewe, ameketi kwenye baraza yangu, begi lake likiwa katikati ya miguu.

Baba yake alikuwa mtu wa reli, Mjaluo aliyeletwa Voi na kazi. Wajaluo wengi wa Voi wakifa husafirishwa hadi kwao magharibi, hata kama marehemu alizaliwa hapa na kule hakujui. Yule mzee alikataa. Alinunua shamba chini ya milima yetu, akajenga, akasema hapa ndipo kwangu na hapa ndipo mtanizika. Walimzika mbele ya nyumba yake. Tangu siku hiyo lile likawa boma kamili la Kijaluo, na sheria zake zote. Wakabaki mama na vijana wake wawili: Ooko, kifungua mimba, na Elijah, mdogo wake.

Ooko alifanya kazi kwenye shamba la mkonge, upande wa korona, ile mashine inayokamua majani mpaka zibaki nyuzi. Shamba lilipopunguza watu, yeye alikuwa miongoni mwa waliopunguzwa. Wenzake walirudi nyumbani wakinuna. Ooko alirudi na mkoba wa bisibisi na mafuta, akaanza kutengeneza cherehani za watu. Halafu siku moja akatoka sokoni Voi na begi la mgongoni la mitumba, lile la watalii, refu kupita kichwa, lenye mikanda ya kifuani na tumboni. Mama yake alifikiri ni la kubebea mahindi.

"Sasa hili linaenda wapi?" akamuuliza.

"Wasini," akajibu, kana kwamba amesema dukani.

Akaenda kweli. Peke yake. Alirudi baada ya wiki mbili, mweusi zaidi, anacheka peke yake. Akaniambia kisiwa cha Wasini hakina gari hata moja, kwa hivyo mtu akichelewa hana wa kumlaumu. Baada ya hapo hakushikika. Alienda Pemba, akarudi nguo zote zikinuka karafuu, maana Wete alilala kwa siku kadhaa kwenye nyumba ambayo karafuu zilianikwa mikekani hadi mlangoni. Akaenda Lushoto, akaniletea matunda yaliyopondeka njiani. Kila mara begi lile mgongoni, viatu vya kazi miguuni, na mkoba wa bisibisi juu ya nguo.

Mtu atauliza, alikuwa anaishi vipi huko ugenini? Alikuwa na njia yake, na mimi naipenda mpaka leo. Akifika mahali hakuuliza hoteli. Aliuliza fundi nguo. Alisema hakuna kisiwa wala mji wa mlimani usio na fundi nguo, na hakuna fundi nguo asiye na cherehani moja iliyomshinda, imefunikwa gunia pembeni. Ooko aliliondoa gunia, akapiga magoti, na kabla ya jioni mashine ilikuwa inacheka. Basi alipewa mahali pa kulala, alipewa wali, na siku ya kuondoka alipewa jina la fundi mwingine kwenye mji unaofuata. Hivyo ndivyo alivyozunguka, kutoka fundi hadi fundi.

Watu walimcheka, bila shaka. Walimwita Mzungu wa Mbololo. Mimi pia nilimchokoza. Nikamwambia, "Ooko, visiwa vyote hivyo, hujaona hata mwanamke mmoja?"

"Nimeona wengi," akasema. "Wote walikuwa kwao."

"Na wewe kwenu unakaa lini?"

"Mama Lynn, mtembea bure si sawa na mkaa bure."

Nilimtupia ganda la mbaazi. Lakini nilikuwa namsubiri kila mara, nikubali. Mimi sijavuka hata Mombasa zaidi ya mara tatu, na mtu huyu alikuwa ananiletea dunia hadi barazani bila kujivuna.

Sasa tatizo. Kwa Wajaluo, kama nilivyoelezwa na kama nilivyosikia kupitia minyaa, mdogo hamtangulii mkubwa. Mkubwa asimamishe nyumba yake kwanza, aingie na mke, ndipo mdogo naye apate kujenga. Mdogo akiruka, atapatwa na chira: ugonjwa usio na jina, watoto wasiokua, mambo yasiyoshikika. Siwacheki. Sisi Wataita babu zetu tuliyatunza mafuvu yao mapangoni, na kuna msitu hapa juu ambao hamtanikuta nikiokota kuni hata niwe nimelala njaa.

Ooko alikuwa hana nyumba wala mke. Alilala kwenye kijumba cha mabati alichojengewa na baba yake alipobaleghe. Elijah, yeye, alikuwa karani mjini, shati lina pasi kila siku, na alikuwa ameoa kanisani msichana wa Njukini anayeitwa Elsie. Walikuwa wamepanga chumba kimoja Voi. Elsie ni mtoto wa watu wenye shamba. Alichoka kupikia mlangoni. Alitaka kujenga kwao mume wake. Na mama mkwe alikuwa anajibu jambo lilelile: "Mkubwa kwanza."

Ugomvi huo niliusikia mpaka nikaujua kwa moyo. Elijah alikuwa anabembeleza. "Bro, weka hata nyumba ya udongo. Tafuta mtu. Hata kwa muda."

"Wewe jenga tu," Ooko alimjibu. "Mimi nimekuruhusu."

"Ruhusa yako si nyumba."

"Basi nikirudi."

Nikirudi. Neno hilo Ooko alilisema kabla ya Pemba, akalisema kabla ya Lushoto. Alipokuwa anafunga begi kwenda Mafia, alilisema tena, safari hii mbele ya mama yake, na akaongeza kwamba ataanza na nguzo wiki ileile atakayorudi. Mama Ooko alikuwa anachambua kunde, akaendelea kuchambua. Lakini mimi nilimwamini Ooko siku ile, kwa sababu asubuhi alikuwa amekuja kuniuliza ni nani anauza miti mizuri ya kujengea. Hakuwahi kuuliza hilo.

Akaenda.

Mwanzoni alikuwa anampigia mama yake simu kila baada ya siku chache. Halafu simu ikawa haipatikani. Nani angeshtuka? Ooko na simu walikuwa kama paka na maji. Lakini baada ya hapo habari ikaja redioni kwamba boti moja imezama ikitoka Mafia kwenda bara, na kuna abiria ambao hawajaonekana. Na Ooko alikuwa amesema wazi kwamba ataondoka Mafia kwa boti, siku za mwanzo wa mwezi. Elijah alipiga simu kila mahali. Hakuna aliyemjua Ooko. Wiki zikapita. Kwenye boma lile mama alikuwa analia alfajiri, kilio kirefu kisicho na maneno, na mimi nilikuwa naamka nikikaa tu kitandani.

Maiti isipopatikana, Wajaluo hawaachi hivyo hivyo. Wanazika tunda la mwegea badala ya mtu, lile refu linaloning'inia kwa kamba yake. Wao wanaliita yago. Linafungwa shuka, linalazwa kaburini, linaliliwa, na mtu anahesabiwa kuwa amelala kwao. Muinde, jirani yetu Mkamba, ndiye mwenye mti huo. Matunda yake huyakausha kwa ajili ya pombe yao. Walipomwendea alizunguka mti wake mara nyingi, akachuma lililo refu kuliko yote. Alisema Ooko alikuwa mtu mrefu.

Basi tukazika. Mchungaji alikuja, akaiombea familia. Tunda hakuliombea, na hakuna aliyemlaumu. Shimo lilikuwa kando ya kaburi la baba. Mama ndiye aliyetupa udongo wa kwanza. Udongo mwingi ulimwangukia miguuni. Elijah alisimama wima, hakutoa chozi, na wanawake jikoni tukamsifu: huyo sasa ndiye mwanamume wa boma. Nilisema hivyo kwa kinywa changu, nikikoroga maharagwe.

Mwezi haukuisha, mafundi wakaingia. Nyumba ya Elijah ikapanda haraka, mawe kwa mawe, mabati ya buluu. Elsie akahamia na makochi yake. Punde tukaona anavaa magauni mapana. Nilifurahi kwa ajili yao, Mungu ananijua. Nilipeleka na mchicha.

Siku aliyorudi, nilikuwa shambani navuna mbaazi. Nikasikia mtu anakohoa nyuma yangu. Nikageuka. Nikaona kwanza begi, lile lililopita kichwa, halafu chini yake nikaona uso. Nilitupa kikapu nikakimbia. Mtu mzima mimi, na goti bovu, nilikimbia nikiliita jina la Yesu mpaka nikakwama kwenye minyaa.

"Mama Lynn, mbona unanikimbia? Nimekonda hivyo?"

"Ooko, wewe umekufa!"

"Nani amesema?"

"Nimekupikia!"

Akanitazama. Kisha akaangua kicheko, akaketi chini kwenye mbaazi zangu. "Na chakula kilitosha?"

Nilimgusa bega. Lilikuwa bega. Nikalia, nikampiga kofi la mgongo, nikalia tena. Halafu nikamweleza: boti, redio, tunda la Muinde, udongo. Alikuwa anatikisa kichwa akicheka, kama mtu anayesimuliwa vituko vya kijiji. Nikamwambia, "Tungefanya nini? Hakuna hata mtu mmoja aliyepata habari zako."

Hapo kicheko kikakoma.

"Elijah alipata," akasema.

Akanieleza. Simu yake ilianguka baharini alipokuwa anapanda boti ndogo karibu na Kilindoni, hukohuko Mafia. Ile boti iliyozama hakuipanda kabisa. Alikuwa amebaki nyuma kwa sababu kuna cherehani alikuwa hajaimaliza na hakutaka kumwacha fundi na mashine iliyofunguliwa. Baada ya wiki kadhaa ndipo alipofikiria kwamba habari za waliozama huenda zimefika nyumbani. Akaazima simu ya yule fundi. Namba aliyoijua kwa kichwa ilikuwa moja tu, laini ya marehemu baba yao, ambayo sasa anaitumia Elijah. Akapiga. Elijah akapokea.

"Alisema asante Mungu," Ooko akaniambia. "Alilia, Mama Lynn. Nilimsikia. Akaniuliza ninarudi lini, nikamwambia bado kuna milima nataka kuiona. Akasema sawa, atamwambia mama. Mimi nikatulia. Nikapanda zangu Usangi."

Na alikuwa ametulia kweli. Miezi ile tuliyokuwa tunamlilia, yeye alikuwa katika milima ya Upare, anatengeneza mashine za watu, anatazama ukungu. Alisema Usangi ni Wundanyi yetu iliyovuka mpaka: migomba, mifereji, na wazee wanaokuuliza wewe ni wa nani kabla hawajakuuliza habari. Alikaa huko akiwa na amani ya mtu ambaye amesema kwao kwamba yuko salama. Hilo ndilo linalonichoma hadi leo. Walimwibia hata wasiwasi wake.

Nilifunga leso kiunoni. Tukaenda wote hadi mlangoni pa boma.

Elijah alitoka kwenye nyumba yake mpya akiwa na kikombe cha chai mkononi. Alipomwona ndugu yake alisimama. Sikilizeni: mtu akimwona aliyezikwa huogopa. Mimi nilikimbia nikakwama kwenye minyaa. Elijah hakuogopa. Alitazama chini, kama mtoto aliyekutwa na kijiko cha sukari. Hapo nikajua kila kitu.

"Bro, simama hapo," akasema. "Usivuke."

"Kwa nini nisivuke kwetu?"

"Unajua kwa nini. Mtu aliyezikwa haingii hivi hivi."

"Nilikupigia simu, Elijah."

Elijah aliizungusha chai kikombeni.

"Nilikupigia, ukasema asante Mungu."

"Nilisema."

"Ulimwambia mama?"

Elijah alitazama mlango wa nyumba ya mama yao. Ulikuwa wazi kidogo, na hakuna aliyetoka. Kisha akasema, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, "Sikumwambia. Ni mimi. Yote ni mimi."

Maneno niliyomwambia Elijah siku ile siyaandiki. Machache yanayofaa ni haya: kikulacho ki nguoni mwako, na wewe umemla ndugu yako mbele ya kaburi la baba yenu. Elsie alikuwa amesimama dirishani, mkono tumboni, na ninaamini hakuwa anajua lolote, kwa jinsi alivyokuwa anamtazama mume wake.

Ooko akakaa kwangu, kwenye chumba cha kuwekea mavuno. Watoto wa jirani walikuja kumchungulia, wakamgusa kwa kijiti. Muinde alikuja na kibuyu, akasema kama marehemu amerudi basi arudishiwe tunda lake, kwa sababu lingetoa pombe nzuri. Tulicheka. Ooko alicheka kuliko sote. Lakini usiku, samahani, sitaki kusema habari za usiku. Niseme tu kwamba mtu aliyekuwa analala popote, kwenye boti, kwenye baraza za watu, alishindwa kulala umbali wa kutupa jiwe kutoka kwao.

Wazee wa chama cha Wajaluo wa Voi wakaja, wakaketi, wakalizungumza. Walisema jambo lenyewe linatengenezeka. Kaburi lifunguliwe, tunda litolewe, mbuzi achinjwe, Ooko apitishwe langoni mchana na watu wakiona. Lakini kuna mawili. La kwanza, tunda likitoka, Ooko anakuwa hai, na nyumba ya Elijah inakuwa imejengwa mbele ya mkubwa aliye hai. Haiwezi kusimama. Ibomolewe, Ooko ajenge kwanza, ndipo Elijah aanze upya. La pili, anayeweza kusema kaburi lifunguliwe ni yule aliyetupa udongo wa kwanza. Yaani mama. Asiposema yeye, hakuna jembe litakalogusa pale.

Ooko akawaambia nyumba ataisimamisha kwa wiki moja, ya miti na udongo, kwa mikono yake, na atamsaidia Elijah kupandisha yake tena jiwe kwa jiwe. Hakutaka shamba zaidi, hakutaka kuombwa msamaha. Alitaka lile tunda litoke, aitwe mtu. Na hakuwa na hofu yoyote kuhusu mama yake.

"Mama hajui," aliniambia kila siku. "Alidanganywa. Akiambiwa kwamba nilipiga simu, atalichimbua kwa kucha."

Niliamini hivyo pia. Mimi ni mama.

Mama yake alikuja mchana, siku ya soko, watu wengi wakiwa wameteremka Voi. Nilikuwa naambua mbaazi chini ya kivuli cha paa. Alisimama upande wake wa minyaa, hakuvuka. Ooko akamsogelea, upande wetu wa ua. Nilibaki nilipo, hili ni shamba langu.

"Umekula?" akamuuliza mwanawe.

"Nimekula, mama."

"Umekonda."

"Ni milima." Ooko alikuwa anatabasamu kama mtoto. "Mama, Elijah alikuficha. Mimi nilipiga simu. Nilimwambia niko hai."

"Alhamisi," mama yake akasema.

Niliacha kuambua.

"Ulipiga Alhamisi, tukiwa tunasubiri ugali uive. Nilikuwa nimeketi karibu na Elijah. Aliiweka simu kwa sauti ili nisikie. Nikakusikia ukikohoa kabla hujasema jina lako. Nilijua ni wewe kwa kikohozi."

Ooko aliacha kutabasamu.

"Elijah aliinuka atoke nje awapigie watu kelele kwamba uko hai. Tunda lilikuwa limeshafungwa shuka, wageni wako njiani kuja kuzika Jumamosi. Mimi ndiye niliyemshika shati. Kabla ya hapo nilimwambia akuulize unarudi lini. Akakuuliza. Wewe ukasema bado kuna milima."

"Mama, hata ungeniambia kwamba ni wewe unayeuliza..."

"Nimekuuliza mimi miaka yote. Pemba nilikuuliza. Huko kwingine nilikuuliza. Mimi sina miaka mingine ya kuuliza, na kijana wangu mwingine alikuwa anazeekea kwenye chumba cha kupanga. Nikajisemea, huyu alijizika mwenyewe barabarani, mimi namfunika tu. Nikalia kweli. Usifikiri nilidanganya nilipolia."

Nikainuka, mbaazi zikamwagika. "Mama Ooko! Huyu ni mtoto wako!"

"Usiniite hivyo tena, Mama Lynn," akasema bila kunigeukia. "Elsie atajifungua kabla ya mvua. Nyumba ile haibomolewi. Neno la kufungua kaburi sitalitoa."

Alilisema bila hasira. Ningepata nafuu kama angekuwa na hasira. Nilimtazama Ooko, nikisubiri apige kelele, atukane, angoe minyaa. Alikuwa anatazama mikono yake. Akauliza kwa sauti ya chini, "Na siku nitakapokufa kweli, mama? Wanilete wapi?"

Mama yake alitazama kule kaburini. "Kaburi lako lipo, kando ya baba yako," akasema. "Lakini limejaa."

Ooko akaingia ndani. Nikamsikia anakusanya vitu vyake, bisibisi zikigongana. Alitoka na begi mgongoni, akanishika mkono kwa mikono yote miwili. Nilimwambia akae, nikamwambia chumba ni chake, nikamwambia mambo mengi. Alitikisa kichwa tu. Akaenda tena hadi kwenye minyaa, sijui kwa nini, labda kuaga.

Mkanda mmoja wa begi ulikuwa umejikunja begani. Mama yake aliuona. Akapitisha mkono juu ya ua, akaukunjua taratibu, akaulaza vizuri, kama mama anayemwandaa mtoto kwenda shule. Kisha akamwambia apite njia ya chini, ya mtoni, asipite mbele ya nyumba ya Elijah, kwa sababu Elsie ni mjamzito na si vizuri amwone maiti.